Land Rover Iliyofika Kigoma 1960, Rolls-Royce ya Freddie na Nyundo ya Dalali

Julai 1960, Land Rover moja iliyosheheni mizigo ilitoka Nairobi, ikala vumbi mpaka ikaingia Kigoma. Ndani alikuwemo binti wa Kiingereza wa miaka 26 pamoja na mama yake. Binti mwenyewe ni Jane Goodall, yule wa sokwe wa Gombe. Mji waliukuta umefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo, nchi iliyokuwa imepata uhuru siku chache tu nyuma, na kabla ya kwenda Gombe wakajikuta wanasaidia kuwaandalia wakimbizi mikate.

Stori ya sokwe kila mtu anaijua. Ya gari nani anaijali? Sasa mdau, chukua gari hilo, weka kadi yake na picha moja tu likiwa limeegeshwa Kigoma, halafu lipeleke kwenye nyumba ya mnada kule London. Halitauzwa bei moja na Land Rover nyingine ya mwaka uleule, hata kama hiyo nyingine injini yake inaunguruma fresh na hili linasukumwa.

Mtu wa Kigoma hahitaji darasa refu kwenye ishu ya bei. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na pale Kibirizi bei inapaa. Giza likirudi, dagaa wanarudi na bei inashuka. Gari la kale ndo halirudi. Ferrari walitengeneza 250 GTO 36 tu, kuanzia 1962 hadi 1964, basi. Moja ikauzwa mnadani Marekani mwaka 2014 kwa dola milioni 38. Mwaka 2018 nyingine ikapigwa nyundo, ikafika dola milioni 48.4. Halafu Mei 2022, Mercedes 300 SLR ya 1955, ambayo kampuni ilitengeneza mbili tu za aina ile, ikauzwa Stuttgart kwa euro milioni 135. Noma.

Kinachofanya mnada uwe na nguvu hivyo ni kelele zake. Watu wawili wakiuziana gari uani, bei wanaijua wao na labda fundi. Nyundo ikigonga ukumbini, dunia nzima imesikia, na kesho yake kila mwenye gari linalofanana anaongeza sifuri. Upande wa pili upo pia. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988 watu walikimbilia magari yake kama mkate wa moto, bei zikapaa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaporomoka na waliochelewa kununua wakalia. Na gari likipandishwa jukwaani likakosa kufikia bei ya siri ya muuzaji, kila mtu kaona. Doa hilo halioshwi haraka.

Sasa njoo kwa mtoto wa nyumbani. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar 1946, akaja kuwa Freddie Mercury wa Queen. Alikuwa na Rolls-Royce Silver Shadow ya 1974. Gari zuri, ila aina hiyo zilitengenezwa kwa maelfu na kwa viwango vya Rolls-Royce bei yake ni ya kawaida. Mwaka 2013 waliikadiria paundi 9,000 mpaka 11,000. Ikaenda 74,600! Novemba 2022 ikarudi tena mnadani London, mapato yakiwa ni kwa ajili ya kusaidia majeruhi wa vita Ukraine, ikauzwa paundi 286,250. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 700. Chuma ni kilekile, kimeongezeka umri tu. Na kichekesho ni kwamba Freddie hakuwahi kuwa na leseni. Alikuwa anakaa nyuma, dereva anaendesha.

Hata Land Rover wenyewe waliusoma mchezo. Mwaka 2015, kiwanda kikiwa kinaelekea kuacha kuunda Defender ya zamani, waliunda moja maalumu ya milioni mbili, wakaichorea ramani ya ufukwe wa Wales ambapo mbunifu wake alichora umbo la kwanza la Land Rover mchangani. Desemba ikapelekwa mnadani, ikauzwa paundi 400,000, hela ikaenda kwa Msalaba Mwekundu na shirika la kulinda wanyamapori. Gari halikuwa hata la kale, lilikuwa jipya kabisa! Watu walilipia stori.

Msalaba Mwekundu haohao wapo Kigoma, kwenye huduma za afya Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 vita ilipochachamaa Kongo. Tangu miaka ya 1990 barabara za Kasulu na Kibondo zimepitisha magari meupe yasiyohesabika, yamebeba wagonjwa, chanjo, mahema, watoto waliopotezana na wazazi. Yakichoka, mengi yanaishia mnadani. Na mnada wa kwetu unajulikana: gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Unazunguka, unachungulia chini, unauliza kama gia boksi ni yenyewe, unapiga hesabu ya vipuri. Dalali anataja, mnataja, jioni limevutwa kwa kamba. Namba za zamani zinavuliwa, linasajiliwa upya, linapigwa rangi, wiki ijayo linabeba mihogo njia ya Manyovu.

Daftari la safari za dereva kwa kawaida haliuzwi na gari. Tangazo la mnada lina nafasi ya aina ya gari, namba ya usajili na yadi lilipoegeshwa. Lilimbeba nani, usiku gani, kutoka kijiji gani, hakuna pa kuandika.