Ardhi, Misitu na Maji: Jinsi Tulivyojifunza Kupanga Pamoja

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wameeleza habari za maghala, mizani na bei. Sisi twapenda kueleza jambo linaloyatangulia hayo yote, yaani ardhi, misitu na maji, kwa kuwa mkulima aliyekosa maji hana cha kupeleka mizani.

Mpango mkubwa unaokumbukwa sana hapa Mpanda ulikuwa wa madini. Tawi la reli lenye urefu wa kilomita 210, kutoka Kaliua mpaka Mpanda, lilifunguliwa mwaka 1950 ili kuchukua madini ya risasi. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1960, machimbo yalifungwa. Reli ilibaki, ikachukua abiria na mazao, nasi twaishukuru. Lakini mpango wenyewe ulitazama mwisho wa madini tu. Haukutazama maisha ya watu watakaobaki.

Funzo la pili tulilipata katika Mto Katuma. Maji yake hushuka kutoka milimani, hupita katika mashamba ya mpunga, hufika Sitalike, huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, kisha huelekea Ziwa Rukwa. Mwanzoni mwa karne hii, mto ulianza kukauka wakati wa kiangazi, na viboko wakasongamana katika madimbwi ya matope. Wakulima wa juu walikuwa wameweka mabanio ili kumwagilia mpunga, na miti ya vyanzo ilikuwa imekatwa. Kila mmoja alikuwa na haja ya kweli: mkulima alitaka chakula, mfugaji alitaka malisho, hifadhi ilitaka maji kwa wanyama. Mipango ilikuwa mingi, bali mto ulikuwa mmoja.

Sheria za nchi zimefungua njia ya kukaa pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zakipa kijiji uwezo wa kupanga ardhi yake, na mpango hupelekwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yatambua bodi za mabonde, nasi tumo katika Bonde la Ziwa Rukwa. Tena yaruhusu jumuiya za watumia maji. Mkoa wetu wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012, umekuta zana hizo tayari.

Mfano mwema tunao jirani. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyouzunguka msitu wa milima ya Ntakata vilipima mipaka, vikatenga misitu yao, vikaweka walinzi, na kuuza hewa ya ukaa kwa ushirikiano na halmashauri na kampuni ya Carbon Tanzania. Fedha zilizopatikana zimejenga madarasa na zahanati. Msitu uliosimama umeleta faida ambayo shoka lisingeleta mara mbili.

Nasi wakulima wa tumbaku tusijifiche. Mabani yetu hula kuni nyingi. Basi kila chama cha msingi kihesabu mabani yake, kipande miti ya kuyatosha, na kipeleke hesabu hiyo katika kamati ya mipango ya kijiji. Nao maofisa twawaomba wasiuache mpango wa miaka ishirini ulale kabatini kila ahamapo mwenzao mmoja. Na sheria ndogo ikivunjwa, mvunjaji aambiwe, hata akiwa ndugu yetu, kwani mchelea mwana kulia hulia yeye.

Miaka kumi tumepima mazao pamoja. Miaka kumi ijayo tupime pamoja na maji na miti, ili atakayeandika kijitabu cha miaka ishirini aukute Katuma ukitiririka.