Kuijaribu Motokaa: Kutoka Mannheim hadi Haibridi

Kujaribu chombo kabla ya kukitegemea ni desturi kongwe kuliko motokaa. Jahazi jipya hushushwa majini na kutwekwa tanga, watu wakaona kama lavuja au lalala upande. Lakini jaribio lina sharti moja: anayejaribu lazima aruhusiwe kuuona ubaya kama anavyoonyeshwa uzuri. Nia yangu ni kueleza jinsi sharti hili lilivyotimizwa zamani, na jinsi linavyoponyoka katika motokaa za fahari za zama zetu.

Mnamo Agosti 1888, Bertha Benz alitoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya kilomita 100 hivi, akiwa na wanawe wawili, katika motokaa ya magurudumu matatu iliyobuniwa na mumewe Carl. Hakumwaga mume. Mafuta yalipopungua alinunua ligroini katika duka la dawa la Wiesloch. Breki zilipolika alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Na milima ilipoishinda injini, ilibidi motokaa isukumwe. Baada ya safari hiyo Carl aliongeza gia ya kupandia milima. Hilo lilikuwa jaribio la kweli: njia ilisema, na fundi akasikia.

Ferdinand Porsche alipata funzo kama hilo. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 ilionyeshwa motokaa ya umeme aliyoibuni akiwa kwa Lohner wa Vienna, mitambo yake ikiwa ndani ya vitovu vya magurudumu. Ilikuwa kimya na safi, ila betri ilikuwa nzito na safari fupi. Basi akaunda nyingine, Semper Vivus, yaani “hai daima”; akapunguza betri, akatia injini mbili ndogo za petroli za kuzalisha umeme. Hivyo haibridi, chotara wa petroli na umeme, si mtoto wa juzi. Alisahauliwa petroli ilipotawala, hasa baada ya Cadillac kuleta mwaka 1912 kiwashio cha umeme kilichoondoa taabu ya kuzungusha injini kwa mkono. Toyota ilimrudisha sokoni kwa Prius mwaka 1997.

Mwaka 2013 kampuni yenye jina la Porsche ilitoa saluni ya fahari, Panamera S E-Hybrid, ambayo betri yake huchomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Ilikuwa na nguvu za farasi 416, na mwendo wake wa mwisho kilomita 270 kwa saa. Lakini kwa hesabu rasmi ilikunywa lita 3.1 tu za petroli kwa kilomita 100. Mtu akipewa motokaa ya namna hii aijaribu, betri ikiwa imejaa, huondoka kimya kama anayeteleza. Akikanyaga kwa nguvu, injini huamka na kumsukuma kitini. Akifunga breki, sehemu ya nguvu hurudi betrini. Nani asiyependezwa?

Lakini hizo lita 3.1 zilipatikanaje? Kwa kipimo cha Ulaya cha siku zile, motokaa iliendeshwa juu ya magurudumu ya mashine, ndani ya chumba, kwa dakika zisizotimia 20, wastani wa kilomita 34 hivi kwa saa, bila kuzidi 120. Tena kanuni ilichukulia kwamba mwenyewe husafiri kilomita 25 tu kwa betri tupu kabla ya kuichomeka tena. Umeme wa Panamera ulihesabiwa kufika kilomita 36. Kwa hiyo katika kila kilomita 61, zaidi ya nusu zilihesabiwa bila tone la petroli. Asiyeichomeka hakuwamo katika hesabu.

Kipimo hicho kilianza kuondolewa mwaka 2017, lakini dhana hiyo ikaendelea katika kile kilichokifuata. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya ilieleza, kwa data iliyorekodiwa na motokaa zenyewe, kuwa haibridi za kuchomekwa zilizosajiliwa mwaka 2021 zilitoa hewa ya kaboni kwa wastani mara tatu na nusu ya kiasi kilichoandikwa. Jambo hili si dogo. Katika nchi kama Uingereza, kodi ya motokaa ya kazi imefuata kiasi hicho tangu 2002. Tarakimu ikikosea, hazina ya umma hupunjwa na hewa huchafuliwa, hali kila mtu amefuata sheria. Kuanzia 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kuisahihisha hesabu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Motokaa ya kujaribiwa hubaki mgeni wa siku ya kwanza. Anayetaka kuijua na aiombe betri ikiwa tupu, aipandishe mlima, kisha ajiulize kama kwake mna pa kuichomeka, na kama ataichomeka kila jioni. Maana katika chombo hiki kinachopimwa si mtambo peke yake. Mazoea ya mwenyewe yamo ndani ya kipimo.