Kuteua seti ya gari la spoti la kujiundia kulingana na mfuko wako

KUNA magari ya spoti ambayo mtu wa mapato ya wastani hawezi kuyamiliki hata akidunduliza maisha yake yote. Mathalani AC Cobra, iliyoanza kuundwa mwaka wa 1962 pale Mwamerika Carroll Shelby alipotia injini ya Ford ya silinda nane katika gari jepesi la Kiingereza, iliundwa kwa idadi ya takriban magari 1,000 tu. Yaliyosalia huuzwa minadani kwa mamia ya maelfu ya dola, na mengine kwa mamilioni.

Uhaba huo ndio uliozaa biashara kubwa nchini Uingereza na Marekani ya kuuza seti za vipuri. Mnunuzi hupelekewa fremu, bodi ya faibaglasi au ya alumini na maboksi ya vifaa, kisha akajiundia gari la kuiga lile asilia katika gereji ya nyumbani. Wengi hufaulu na kuliendesha gari lao barabarani kwa fahari. Lakini si haba pia wanaoishiwa na fedha katikati ya kazi, fremu ikabaki chini ya turubai miaka nenda miaka rudi. Aghalabu kosa la hawa hufanyika siku ya kuteua seti, kabla hata parafujo ya kwanza haijakazwa.

Jambo la awali kueleweka ni kwamba bei ya seti si bei ya gari. Tangazo la mtengenezaji hutaja kile kiwango cha chini kabisa, ambacho pengine ni fremu na bodi pekee. Injini, giaboksi, ekseli, breki, usukani, magurudumu na nyaya za umeme hutoka kwingine. Kisha kuna tairi mpya, viti, mikanda, taa, rangi, zana, bima na gharama ya kulibeba gari hadi kituo cha ukaguzi. Rangi hasa huwavunja wengi mgongo, kwa kuwa kuipaka bodi ya faibaglasi ikang'aa ni kazi ya fundi stadi na malipo yake si madogo. Ndiposa inafaa kuuliza iwapo bodi huja na tabaka la nje lililotiwa rangi kiwandani. Haitameremeta kama rangi ya gereji, lakini itakuokolea fungu kubwa la fedha.

Kwa mwenye mfuko mwepesi, njia iliyokanyagwa zaidi ni ya magari yanayoiga Lotus Seven. Gari hili lilizinduliwa mwaka wa 1957 na Colin Chapman, na tangu hapo liliuzwa pia likiwa vipande kwa sababu gari la kujiundia halikutozwa ile kodi ya ununuzi iliyotozwa magari mapya nchini Uingereza. Nafuu hiyo ilikoma mwaka wa 1973 ilipoanzishwa kodi ya VAT, na mwaka uo huo haki za kuliunda gari hilo zikahamia kampuni ya Caterham, ambayo ingali inaliunda. Umbo lake ni sahili: fremu ya mabomba, mabati yaliyonyooka, magurudumu ya mbele yaliyo nje ya bodi. Halina milango ya maana wala dirisha la kupandisha. Kwa uzani wa kilo 500 hadi 600 hivi, injini ya kawaida kabisa hulifanya liruke kama swara.

Usahili huo ndio uliomwezesha mwalimu Ron Champion kuandika kitabu chake cha mwaka wa 1996 kilichoahidi kwamba mtu anaweza kujiundia gari la spoti kwa pauni 250, akichomelea fremu mwenyewe na kunyofoa vipuri kutoka Ford Escort kuukuu. Msomaji asidanganyike na kiasi hicho leo. Hata wakati ule waundaji wengi walitumia mara kadhaa ya fedha hizo, na Escort za zamani zimekwisha kuwa vitu vya kuthaminiwa, hivi kwamba aliye nayo nzima angekuwa na wazimu kuinyofoa. Baadaye Chris Gibbs aliandika kitabu kingine kilichotegemea Ford Sierra, lakini nayo Sierra haionekani barabarani siku hizi kama zamani.

Gari linalofaa kunyofolewa sasa ni Mazda MX-5, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1989 na kuundwa kwa wingi sana. Injini yake iko mbele, nguvu zinaenda nyuma, na bodi hushambuliwa na kutu mapema huku mitambo ikiwa bado imara. Kwa hivyo hupatikana kwa bei ya kutupa. Seti ya MEV Exocet imebuniwa mahususi kwa gari hilo: bodi ya Mazda huinuliwa, mitambo ikabaki chini ikiwa imeungana, kisha fremu mpya ikawekwa juu yake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayeanza bila ujuzi mwingi wa ufundi hana chaguo bora, ingawa wapo watakaosema kwamba gari lenyewe linafanana na kizimba chenye magurudumu. Faida kubwa ni kwamba vipuri vyote hutoka katika gari moja. Anayeokota injini huku, breki kule na usukani kwingine hulipa mara mbili, kwanza kwa vipuri, kisha kwa viungo vya kuvioanisha.

Baadhi hupendelea injini ya pikipiki kubwa, kama vile Suzuki Hayabusa. Ni nyepesi na ina kasi ya kutisha. Hata hivyo, pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, na kifaa cha kuifidia hununuliwa kando.

Mwenye uwezo wa wastani huweza kuitazama Caterham yenyewe, ambayo seti yake mpya haishuki chini ya pauni 20,000. Ni ghali, lakini vipuri vyote ni vipya na gari hushikilia thamani yake likiuzwa. Kwa wapenzi wa Cobra, kampuni ya Factory Five ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka wa 1995, huuza seti zinazotumia mitambo ya Ford Mustang. Hapa hesabu hubadilika kabisa, kwani injini ya silinda nane, giaboksi ya kuistahimili na tairi pana hula fedha hata kabla ya gari kuondoka. Nakala za Ford GT40, gari lililoshinda mashindano ya Le Mans kuanzia 1966 hadi 1969, ni ghali zaidi kwa sababu injini hukaa katikati na giaboksi yake si ya kuokota popote.

Nakala za Ferrari zina kitanzi chake. Nyingi zimejengwa juu ya Toyota MR2 au Pontiac Fiero, na umbo la nje laweza kumhadaa mpita njia. Lakini mwaka wa 1991 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliipa Ferrari ushindi dhidi ya mtu aliyeiga maumbo ya Daytona na Testarossa. Seti ambayo mtengenezaji wake huenda akafungwa milango na mahakama ni seti isiyo na uhakika wa vipuri kesho. Hata bila kesi, kampuni hizi huanguka. Westfield, miongoni mwa majina makubwa ya tasnia hii, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwaka wa 2022. Usitangulize fedha zote. Lipa kwa awamu kadiri unavyopokea vipuri, na upewe risiti kwa kila kimoja.

Risiti hizo zina kazi nyingine. Nchini Uingereza, gari la kujiundia halisajiliwi kabla ya kupita ukaguzi wa IVA, uliochukua mahali pa ule wa SVA mwaka wa 2009. Wakaguzi hupima breki, moshi, kelele, vioo na mahali mikanda inapofungwa. Hukagua hata ncha za vyuma zinazoweza kumkata mtembeaji, ambazo lazima ziwe na mviringo wa angalau milimita 2.5. Gari likianguka, hulipiwa tena. Na iwapo umri wa vipuri hauwezi kuthibitishwa, gari hupewa nambari inayoanza na herufi Q, jambo linaloshusha bei yake wakati wa kuliuza. Mkenya aishiye huko na anayewazia kurudi nalo nyumbani azingatie hilo mapema, maana Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyopita umri wa miaka minane.

Kuna njia ya mkato ambayo wenye subira huifurahia: kununua kazi iliyokwamia katikati. Aliyekata tamaa huuza kwa bei iliyo chini sana ya alizotumia. Kabla ya kumkabidhi fedha, omba kitabu cha usajili cha gari lililonyofolewa, linganisha nambari ya fremu na hati za mtengenezaji, na uhesabu vipuri kimoja kimoja ukilinganisha na orodha yake. Kisha chukua utepe, upime fremu kutoka pembe moja hadi ya mkabala, na uzirudie zile pembe mbili nyingine. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, fremu imepinda, na hakuna punguzo la bei litakaloinyoosha.