Walikuwa Wamejifungia

Nikiwa fresha, wasichana tuliitwa ukumbini tukaonywa: msitembee usiku, msilewe, chungeni mavazi. Wavulana hawakuitwa. Nilipomsimulia mamangu kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wale wa St. Kizito hawakuwa wanatembea. Walikuwa wamejifungia bwenini."

Ni usiku wa 13 Julai 1991, huko Meru. Wasichana walikataa kujiunga na mgomo wa wavulana wa shule yao, nao wakavunja mlango. Wasichana 19 walikufa, 71 walibakwa. Naibu wa mwalimu mkuu alinukuliwa akisema eti wavulana hawakuwa na nia mbaya, walitaka kubaka tu.

Ilipita miaka 15 ndipo tukapata Sheria ya Makosa ya Kingono, 2006, kupitia mswada wa Njoki Ndung'u.

Lakini pale ukumbini hakuna aliyetuambia kwamba ukibakwa usioge kwanza, ukimbie hospitali kabla ya saa 72 upewe dawa za kuzuia HIV. Hayo niliyajua nikimsindikiza rafiki yangu. Tulifika siku ya tano.

Juzi mafresha wa kike wameitwa tena ukumbini. Niliinua mkono nikauliza: wavulana mnawaita lini?