Stempu Zisizo za Kila Mtu

Stempu zina matabaka kama watu. Zipo za kawaida, unanunua, unalamba, unabandika, basi. Halafu zipo za kazi maalumu: za barua za serikali, za kudai nauli iliyopungua, na za kuchangia misaada. Sisi wa Mpanda zinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanzie Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mbelgiji Cambier alianzisha kituo pale mwaka 1879, na mwaka 1885 kikachukuliwa na Mapadre Weupe. Wabelgiji walirudi 1916, safari hii na bunduki, kumfukuza Mjerumani. Wakaja na stempu za Kongo zilizopigwa chapa kwa Kifaransa na Kiholanzi: Afrika Mashariki ya Kijerumani, chini ya Ubelgiji. Mwenye nchi hakuulizwa. Mwaka 1918 zikafuata za Msalaba Mwekundu zenye herufi A.O.; mnunuzi alilipa nauli pamoja na mchango juu yake. Zipo hata zilizogongwa jina Karema lenyewe, ila hazikuwa na idhini rasmi, na za bandia zipo. Anayetaka kununua afungue macho!

Uhuru ulipokuja 1961, stempu za Tanganyika zilipigwa chapa OFFICIAL kwa barua za serikali. Tanzania ikafanya vivyo hivyo mwaka 1965, kisha kwenye za samaki za 1967 na za vipepeo za 1973. Picha zetu, nchi yetu, lakini neno la ofisini likabaki la Mwingereza. Hivi "SERIKALI" ingekosa nafasi?

Mwaka 1967 pia zilitoka stempu za kwanza za Tanzania za kudai nauli. Hizo mtumaji habandiki. Anabandika karani wa posta, na mpokeaji ndiye analipa. Jamani, hiyo peke yake ni hadithi nzima: mtu anatoa hela yake ili asome habari ya msiba.

Ndiyo maana nasema, wewe unayetaka kuandika, kabla ya kuchoma makaratasi ya marehemu babu, pekua kwanza. Ukikuta bahasha, usibandue stempu. Stempu peke yake inasema bei tu. Bahasha nzima ina mhuri wa mahali, tarehe, na jina la aliyekuwa anasubiri. Karema imo kwenye albamu za watu wa mbali. Tusipotunza sisi, siku moja tutaenda kwao kununua historia yetu.