Kugeza dira ya saa

Mwaka jana nilinunua saa ya mtumba yenye dira ndani yake. Siku ya kwanza niliivaa kwenda Coco Beach, nikasimama nikiitazama bahari, nikabonyeza kitufe. Saa ikaniambia Bahari ya Hindi iko kaskazini. Nikatembea hatua chache, nikabonyeza tena. Bahari ikabaki kaskazini. Aliyewahi kuliona jua likichomoza Dar es Salaam anajua linatokea huko majini, kwa hiyo kati yangu na saa mmoja wetu alikuwa amepotea, na sikuwa mimi.

Nilimwambia shemeji yangu kwamba saa inahitaji kurekebishwa. Akanishangaa. "Sasa si uipeleke kwa fundi, shem?" Nikaipeleka. Fundi akaifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga, akanirudishia: haina ubovu wowote. Alisema kweli. Na shemeji naye alijibu vizuri kwa neno nililompa, kwa sababu kinachorekebishwa ni kilichoharibika, na kilichoharibika kina fundi wake. Saa yangu ilikuwa nzima. Ilichokosa ni tendo ambalo kijitabu chake cha Kiingereza kilikuwa na kitenzi chake, nami nilikuwa nimekitafsiri ovyo.

Neno dira lenyewe halina matata. Ni la Kiarabu, jamaa ya daira, yaani duara, na mabaharia wa Ghuba walikiita chombo hiki kwa jina hilohilo. Siku hizi limepanda cheo. Tanzania ina Dira ya Taifa ya Maendeleo, BBC ina Dira ya Dunia, na ofisi nyingi zimetundika dira na dhima ukutani, mpaka ukimtuma kijana akuletee dira anaweza kurudi na karatasi. (Mjini Mombasa usipotamka vizuri utaletewa dera.) Pande za dira tumezipata kwa njia mbalimbali. Kaskazini na kusini zimetokana na pepo zetu, kaskazi na kusi. Mashariki na magharibi ni za kuchomoza na kutua kwa jua, kwa Kiarabu. Manahodha wa zamani walikuwa na orodha ndefu zaidi: duara lililokatwa vipande 32, kila kipande kikitajwa kwa nyota, pale inapochomoza au inapozama. Jaa ilikuwa kaskazini, suheli ilikuwa kusini, na matlai, ambao leo tunaujua kama upepo wa mashariki, asili yake ni neno la mahali pa kuchomoza. Saa ya mkononi imeyafuta majina hayo yote ikaweka namba, kuanzia 0 mpaka 359.

Ndani ya saa hiyo hamna sindano inayoelea. Kuna kihisi cha sumaku, kipande kidogo sana, kinachopima nguvu ya usumaku katika mihimili miwili au mitatu, kisha programu ikapiga hesabu na kutoa pembe. Nguvu inayopimwa ni hafifu. Usumaku wa dunia ni kati ya maikrotesla 25 na 65 hivi kutegemea mahali ulipo, na kwetu pwani ni thelathini na kidogo. Kisumaku cha kubandika kwenye mlango wa friji, ukikigusisha na kihisi, kinauzidi zaidi ya mara mia.

Sasa saa yenyewe ina betri, ina skrubu, ina springi za vitufe, na kama ina mishale basi ina na mota za kuisukuma. Baadhi ya vitu hivyo vimeshika usumaku, na vyote vimefungwa chumba kimoja na kihisi. Ukigeuka, vinageuka nawe. Kwa hiyo kihisi kinapokea nguvu mbili kwa pamoja: ile ya dunia, ambayo kwake inabadilika upande kila ukigeuka, na ile ya saa, ambayo haibadiliki hata ukizunguka mpaka uanguke kwa kizunguzungu. Hii ya pili ikiwa kubwa kuliko ya kwanza, saa itang'ang'ania upande mmoja. Ndiyo maana bahari yangu haikuhama.

Muuza sukari analijua tatizo hili kwa sura nyingine. Kabla ya kukupimia kwenye bakuli anapima bakuli tupu, au anapaswa kupima, ili usiuziwe bakuli kwa bei ya sukari. Lakini saa huwezi kuipima tupu. Huwezi kuiondoa duniani ili usikie usumaku wake peke yake, wala kumwaga skrubu zake ubaki na dunia. Waliotengeneza dira hizi wanatumia ujanja ambao nilipouelewa nilicheka peke yangu, kwa jinsi ulivyo mwepesi. Tuseme saa imelala mezani na kihisi kinasoma 38 katika mhimili wake mmoja. Igeuze nusu duara. Nguvu ya dunia sasa inakuja kinyume, ila ya saa iko palepale, na kihisi kinasoma hasi 16. Jumlisha namba hizo mbili upate 22, gawa kwa mbili upate 11. Hiyo 11 ndiyo bakuli. Iondoe katika 38, inabaki 27, na hiyo ni dunia tupu. Kuanzia hapo saa itaitoa 11 katika kila inachosoma.

Saa nyingi za Casio zenye dira hukutaka ufanye hivyohivyo: ilaze, bonyeza, igeuze digrii 180, bonyeza tena. Za Suunto, kampuni ya Ufini iliyoanza mwaka 1936 na ambayo jina lake limetokana na neno la Kifini la mwelekeo, zimezoeleka kutaka mzunguko mzima wa polepole. Saa na simu za siku hizi zinataka uchore namba 8 hewani, na watu barabarani watakutazama kama anayefukuza nzi. Namba 8 ina kazi yake: kihisi chenye mihimili mitatu lazima kigeuzwe kila upande, juu na chini pia, kwa kuwa kinatafuta kitovu cha tufe badala ya kitovu cha duara. Mzunguko mzima unafichua na kosa jingine ambalo vituo viwili havilioni, la chuma kisicho sumaku ila kinaikunja nguvu ya dunia inapokipitia, mpaka duara linakuwa umbo la yai.

Mambo haya yalianzia baharini. Mwanzoni mwa karne ya 19 nahodha Mwingereza Matthew Flinders, akiipima pwani ya Australia, aligundua kwamba dira yake inasoma tofauti kila meli inapobadili uelekeo, akaelewa kuwa chanzo ni chuma cha meli yenyewe. Meli zilipoanza kujengwa kwa chuma kitupu shida ikawa kubwa. Mwaka 1838 mwanafalaki George Airy alipewa meli ya chuma iitwayo Rainbow, akaigeuzageuza kando ya mto Thames akiandika kosa la dira katika kila upande, kisha akapanga sumaku na vipande vya chuma kando ya dira ili viufute usumaku wa meli. Baada ya hapo ikawa desturi: meli inazungushwa nzima, dira inalinganishwa na alama ya nchi kavu au na jua, na kosa linalobaki linaandikwa kwenye kadi. Unapoigeuza saa mezani kwa vidole viwili unafanya kazi ileile, bila nanga wala makelele ya mabaharia.

Basi tendo hili tuliiteje? Kurekebisha nimekwisha kulisema. Wengi watapendekeza kusawazisha, na linapendeza sikioni, ila katika jambo hili linapotosha kabisa. Dira ya saa inatakiwa ishikwe sawa, bila kuinamishwa. Huku kwetu, kusini mwa ikweta ya sumaku, nguvu ya dunia inatoka ardhini ikipanda kuelekea kaskazini kwa pembe inayozidi digrii 30, na ukiinamisha saa isiyo na kihisi cha mwinamo utasoma sehemu ya upandaji huo kana kwamba ni uelekeo. Sasa mwambie mtu "sawazisha dira yako". Atailaza saa vizuri kama maji kwenye sinia, aone amemaliza. Mpenzi wa mpira naye atauliza goli la kwanza lilifungwa na nani. Kukalibrisha nalo lipo, wapo wanaolisema, nami sina ugomvi na maneno ya mkopo. Tatizo lake ni kwamba halimwambii msikilizaji chochote. Anayelielewa ni yule aliyekwisha kulijua la Kiingereza.

Wakati huohuo neno lilikuwa limekaa kimya maabarani. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina kurugenzi ya upimaji na ugezi. Ugezi: kukichukua kifaa cha kupimia, kukilinganisha na kipimo kinachoaminika, na kuandika kimeachana nacho kwa kiasi gani. Watu wa maabara husema mizani imefanyiwa ugezi, na hawamaanishi kwamba imetengenezwa. Wanachomaanisha ni kwamba sasa kosa lake linajulikana. Kuliondoa au kuliacha ni uamuzi mwingine. Mizani ya dukani husikia zaidi neno uhakiki, ambalo ni la Wakala wa Vipimo wanaokuja na stempu, na hilo linajibu swali la ndiyo au hapana: inafaa kwa biashara au haifai. Ugezi unajibu kwa namba.

Ugezi umezaliwa na geza, kuiga au kulinganisha na mfano, na ndugu yake tunamtumia kila siku bila kumtazama usoni: kigezo. Hapo ndipo neno linaponoga. Ukisema kugeza, msikilizaji anauliza mara moja, kwa kigezo gani? Swali hilo ndilo mtumiaji wa saa anapaswa kujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe. Kigezo chake ni usumaku wa dunia mahali aliposimama. Kama amesimama juu ya zege lenye nondo, au ameegemea bodaboda, au simu yenye kava la sumaku iko mkono uleule, kigezo kimechafuka, na saa itajifunza uongo kwa uaminifu mkubwa. Mimi nililifanya kosa hilo. Niliigeza mara ya kwanza juu ya meza ya chuma, na bahari ikahamia kusini.

Wanaopinga watasema geza limefanana mno na geuza. Kweli limefanana, na fundi mmoja wa redio nilipomwambia nageza dira alinisahihisha papo hapo. Mimi naiona hiyo kuwa bahati. Ili uigeze, uigeuze. Sijui lugha nyingine inayokumbusha namna ya kutumia saa kwa gharama ya irabu moja.

Kitu kimoja zaidi kinatakiwa kutengwa na ugezi. Hata saa iliyogezwa vizuri inaonyesha kaskazini ya sumaku, nayo haikai mahali pamoja na kaskazini ya ramani. Dar es Salaam tofauti ni ndogo, digrii mbili tatu kuelekea magharibi. Cape Town inafika kama 25. Vitabu vya jiografia huiita tofauti hiyo mchepuko, na neno linatosha, ila mabaharia wanatofautisha mchepuko unaoletwa na dunia na ule unaoletwa na chuma cha chombo. Ningependekeza mchepuko wa nchi na mchepuko wa chombo. Wa chombo unaondoka kwa kugeza. Wa nchi unaingizwa kwa mkono kwenye saa, kama namba, na ukihamia mbali unabadilishwa.

Baada ya kugeza mara ya pili, nikiwa uwanjani mbali na nyumba, nilitaka kitu cha kuijaribia saa. Pwani yetu ina bahati hapa. Makka iko karibu juu ya mstari uleule wa longitudo na sisi, kwa hiyo kutoka Dar es Salaam kibla ni kama digrii 1 tu mashariki mwa kaskazini ya kweli, kutoka Unguja ni zaidi ya hiyo kidogo, na kutoka Mombasa haifiki hata nusu digrii. Wazee wa pwani waliweza kusema kibla wakimaanisha kaskazini, na hawakukosea. Ukiijumlisha digrii hiyo 1 na mchepuko wa nchi, saa ya Dar isiyoingizwa namba yoyote inapaswa kusoma 3 au 4 ukiielekeza kibla.

Nikaenda msikitini baada ya alasiri. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani akaniona nimenyoosha mkono kama anayepima ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapima nini?"

Nikamweleza najaribu kama saa yangu inakijua kibla. Akaniuliza inasema ngapi. Ilisema 9. Akatazama ukuta, akaitazama saa, akasema kwa upole kwamba msikiti haujahama tangu alipokuwa mtoto. Digrii tano sita ni kawaida kwa dira za saa, hasa karibu na jengo lenye nondo, na kwa kutafuta njia porini zinatosha. Nilirudi uwanjani nikaigeza mara ya tatu hata hivyo.

Kilichobaki ni kioo chenyewe. Saa yangu ina nafasi ya herufi sita kwenye mstari wa juu, na siku watengenezaji watakapoamua kutuandikia kwa lugha yetu, rekebisha haitaenea, sawazisha haitaenea, na kukalibrisha ndiyo kabisa. GEZA ina herufi nne.