Jumba la Hugh Lane, Dublin: Picha na Mahali Pake

Tarehe 20 Januari 1908, jiji la Dublin lilifungua jumba lake la sanaa ya kisasa katika Clonmell House, nyumba ya kale ya kitajiri iliyoko mtaa wa Harcourt. Kiingilio kilikuwa bure. Kazi za wachoraji wa Ayalandi zilitundikwa pamoja na za Wafaransa kama Manet, Renoir, Monet na Degas, katika zama ambazo wengi Ulaya walikuwa bado wanawatilia shaka. Aliyezikusanya ni Hugh Lane, mzaliwa wa kaunti ya Cork mwaka 1875, aliyejipatia utajiri London kwa kuuza picha za mabwana wa zamani. Historia ya jumba hili husimuliwa mara nyingi kama kisa cha tajiri mkarimu na urithi wake uliozuiliwa ng'ambo. Kisa hicho ni cha kweli, ila kinaacha kiini cha mambo. Karibu kila mgogoro uliolikumba jumba hili, na kila ushindi wake, ulihusu mahali: picha zitundikwe wapi, katika nyumba ya namna gani, na kwa gharama ya nani. Picha haiwi mali ya umma kwa sababu tu mtu ameitoa. Inakuwa ya umma pale jiji linapokubali kuipa makao na kuyatunza.

Lane mwenyewe aliliona hilo mapema. Nyumba ya mtaa wa Harcourt ilikuwa ya muda, naye alishikilia kwamba picha zake bora za Ulaya bara, 39 kwa idadi, zitabaki Dublin iwapo jiji litajenga jumba linalostahili. Kwanza ilipendekezwa bustani ya St Stephen's Green. Kisha msanifu Edwin Lutyens akachora jumba la kukaa juu ya daraja, likivuka mto Liffey katikati ya jiji, ili mwananchi apite penye sanaa akienda shughuli zake. Wapinzani walilalamikia gharama, hewa ya mto, mandhari yatakayozibwa, na hata kwamba msanifu alikuwa Mwingereza. Septemba 1913 Halmashauri ya Jiji ikaukataa mpango huo. Lane akazihamishia picha zake 39 London kwa mkopo, na huko nako wakuu wa National Gallery wakaona kwamba baadhi tu ndizo zinazofaa kutundikwa. Miji miwili ilikuwa imepewa nafasi ya kuzipokea, na yote miwili ikasita.

Pingamizi zito kuliko yote la mwaka ule lilihusu maskini. Tarehe 2 Septemba 1913 nyumba mbili za kupanga katika mtaa wa Church ziliporomoka na kuua watu saba. Mfanyabiashara William Martin Murphy alitetea kwamba afadhali jiji lipate nyumba safi za kodi nafuu kuliko picha za Wafaransa. Hoja hiyo haifai kupuuzwa: watu waliosongamana chumba kimoja wana haki ya kuuliza kodi ya jiji inakwenda wapi. Lakini wakati huohuo Murphy aliwaongoza waajiri waliowafungia nje ya kazi maelfu ya wafanyakazi ili kukivunja chama chao, na kukataliwa kwa jumba hakukumpatia maskini hata chumba kimoja. Isitoshe, tajiri hahitaji jumba la umma ili aione kazi ya Renoir. Nauli ya kwenda Paris anayo. Anayelihitaji ni yule asiyekuwa nayo. Makazi bora na jumba lisilo na kiingilio yalikuwa madai mawili ya watu walewale, na kuyagombanisha kuliwapunja.

Wosia wa Lane wa mwaka 1913 uliiachia London zile picha 39. Mapema mwaka 1915, akiwa tayari mkurugenzi wa National Gallery ya Ayalandi, aliandika nyongeza ya kuzirudisha Dublin, akaitia saini, lakini hakuweka mashahidi. Tarehe 7 Mei 1915 alikufa katika meli ya Lusitania, iliyozamishwa na nyambizi ya Kijerumani karibu na pwani ya Ayalandi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwapo, kilichokosekana ni saini za mashahidi. Mtetezi wa London atasema sheria ni sheria, na kwa upande wa umiliki ana haki. Hata hivyo, kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza ilikiri mwaka 1926 kwamba Lane aliamini kuwa ameandika hati halali, ingawa ilishauri isipewe nguvu ya sheria. Sheria ilijibu swali la nani mwenye picha. Swali la wapi zinastahili kuonekana lilibaki wazi, na Lady Gregory, mama yake mdogo Lane, alilishughulikia hadi kifo chake mwaka 1932.

Mwaka uliofuata Dublin ililijibu kwa vitendo. Jumba lilihamia Charlemont House, nyumba ambayo msanifu William Chambers aliibuni katika miaka ya 1760 kwa ajili ya Lord Charlemont, mkusanyaji sanaa aliyewahi kumwagiza Hogarth kazi. Kumbi mpya zilijengwa nyuma yake, na chumba kimoja kikaachwa kitupu kwa ajili ya picha zilizokuwa London. Jiji lililokataa kujenga sasa lilikuwa limejenga kabla ya kupewa, na msimamo huo ulizaa matunda. Mwaka 1959 pande mbili zilikubaliana kuzigawa picha mafungu mawili ya kupokezana. Makubaliano ya mwaka 1993 yaliiachia Dublin picha 31, na nane zilizobaki zikawa za zamu.

Wapo wanaodai kwamba nyumba ya kifahari huivuruga picha, na kwamba ukuta mweupe usio na pambo ndio wa haki. Mkusanyiko wa jumba hili unawajibu. Dirisha la vioo vya rangi la Harry Clarke, lililokamilika mwaka 1924, lilitengenezwa kupamba nyumba ya mtu binafsi mjini Dublin, na leo ni miongoni mwa hazina kuu za hapa: pambo la nyumbani limekuwa sanaa ya umma bila kupoteza hadhi. Mwaka 1998 John Edwards, mrithi wa mchoraji Francis Bacon aliyezaliwa Dublin mwaka 1909, alitoa studio nzima ya Bacon kutoka London. Wataalamu wa akiolojia walipima nafasi ya kila kitu. Vitu zaidi ya 7,000 vilihamishwa pamoja na kuta, milango, sakafu na hata vumbi, na studio ikafunguliwa kwa watazamaji mwaka 2001. Hapo chumba chenyewe ndicho kinachoonyeshwa, kwa sababu kinaeleza kazi ilivyozaliwa.

Kumbukumbu ya jumba hili isiishie kwa Lane. Yeye alitoa picha na kuweka sharti. Wengine walilibeba sharti hilo miongo mingi baada yake, wakaandika barua, wakabishana na mawaziri, wakatenga fedha za jiji. Halmashauri yoyote inayopewa mkusanyiko wa sanaa leo ina funzo la kuchukua Dublin: usipokee picha kwa shangwe ukaahirisha suala la jengo, kwa maana anayeahirisha jengo ameanza kuikataa zawadi.